Manifodi ya hewa iliyoliwa kwenye HiAce za dizeli: itambue, itengeneze, gasketi isivuje tena

Gasketi imebadilishwa, bolti zimekazwa, na baada ya miezi michache hewa inavuja pale pale. Fundi anaombwa aweke gasketi nyingine, safari hii na silikoni juu yake. Inavuja tena. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo inayorudiwa gereji baada ya gereji, na jambo la kushika kabla ya kugusa spana ni hili: gasketi haina kosa. Kilichoharibika ni uso wa alumini wa manifodi (bomba la matawi linalopeleka hewa kwenye kila silinda) ambao gasketi inaukalia. Umechimbika, umepinda, au vyote viwili. Usipoupima na kuutengeneza uso huo, utaendelea kununua gasketi.

Maelezo haya yanalenga zaidi Toyota HiAce zenye injini za 3L na 5L, zile zisizo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) ambazo bado zinabeba abiria na mizigo kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Pale ambapo injini za tabo kama 1KZ-TE, 1KD na 2KD zinatofautiana, imesemwa. Van nyingine za dizeli za zamani zenye manifodi ya alumini hutengenezwa kwa hatua hizi hizi.

## Kwa nini kuvuja huku ni hatari ingawa gari linakwenda vizuri

Injini ya petroli ikivuta hewa ya pembeni hulalamika mara moja: mzunguko unayumba gari likiwa limesimama, injini inakata kata. Dizeli isiyo na tabo haifanyi hivyo. Yenyewe huvuta hewa yoyote inayopatikana, na nguvu yake hutawaliwa na kiasi cha dizeli, si cha hewa. Kwa hiyo manifodi inaweza kuvuja mwaka mzima bila dereva kuhisi kitu.

Lakini hewa inayoingia hapo haijapita kwenye filta. Imebeba vumbi la barabara, na vumbi hilo ni mchanga laini unaosaga ringi na kuta za silinda. Injini inaanza kula oili, inapumua moshi kwenye mdomo wa oili, inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Mwenye gari anaambiwa injini imechoka, anafanya ovahoo, halafu anarudishiwa manifodi ile ile. Injini mpya inaanza kusagika siku hiyo hiyo.

Kwenye tabo mambo ni kinyume, kwa sababu hewa inasukumwa kutoka ndani kwenda nje. Vumbi haliingii wakati tabo inasukuma, ila nguvu inapotea: moshi mweusi mlimani, mlio wa filimbi, na alama ya oili iliyolowa kwenye maungio.

## Nini kinaila alumini

Vyanzo vipo vitatu, na mara nyingi viwili hufanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni EGR, njia inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye manifodi. Moshi una masizi, mvuke wa maji na mabaki ya salfa. Injini ikipoa, mvuke unageuka maji, maji yanachanganyika na salfa na kuwa asidi, na masizi yanaishikilia asidi hiyo kwenye alumini kama kitambaa kilicholoa. Magari yanayofanya safari fupi fupi na kusimama muda mrefu huumia zaidi.

Cha pili ni chumvi ya pwani. Stadi (bolti zisizo na kichwa zinazoishika manifodi) ni za chuma cha pua au cha kawaida, manifodi ni alumini. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana utaona unga mweupe umeanzia chini ya washa na kutambaa hadi chini ya gasketi.

Cha tatu kinahusu manifodi ambazo maji ya rejeta hupita ndani yake au kando ya gasketi yake. Maji ya kisima yenye chumvi, yakiwekwa badala ya kulanti (dawa maalumu ya rejeta), huchimba kingo za tundu la maji mpaka yanapata njia ya kutoka.

## Vifaa: viandae vyote kwanza

- Gasketi mpya ya manifodi, na gasketi ya EGR ikiwa ipo. Ulizia kwa namba ya injini, usinunue kwa kukadiria kwa macho.
- Seti ya soketi na spana, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm) inayosoma kuanzia 10 Nm.
- Rula ya chuma iliyonyooka kweli, urefu wa sentimita 50 au zaidi, na fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia uwazi) yenye jani la 0.05 mm kwenda juu.
- Kioo kinene cha mm 10, angalau sentimita 60 kwa 30, chenye uso usiopinda.
- Msasa wa maji: namba 120 karatasi nne, 180 karatasi nne, 240 mbili.
- Mafuta ya taa lita 10, beseni la plastiki, sabuni ya vyombo, brashi za nailoni, brashi ndogo ya shaba, kikwangulio cha plastiki au mbao ngumu.
- Mafuta ya kulegeza kutu.
- Epoksi ya chuma ya sehemu mbili iliyoandikwa kwamba inahimili joto la nyuzi 150 au zaidi. Zile za kukauka kwa dakika tano hulainika zikipata moto, na injini ya HiAce imefunikwa chini ya kiti.
- Kompresa yenye kidhibiti cha presha, kipande cha bomba la plastiki chenye kifuniko, na valvu ya tairi.
- Vitambaa visivyotoa nyuzi, vifuniko vidogo vya plastiki vya paipu za dizeli, miwani ya kazi na glavu.
- Ubao bapa unaotosha kuziba mdomo wa kuingizia hewa. Matumizi yake yako Hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba hewa inavuja, na kwamba inavuja kwenye manifodi

Manifodi nyingi hufunguliwa bure wakati kosa lilikuwa la hosi iliyopasuka. Anza na vilivyo rahisi.

Fungua nyumba ya filta ya hewa. Angalia kama filta imekaa sawasawa na kama mpira wake wa pembeni haujakatika. Kisha ondoa hosi inayotoka kwenye filta, pitisha kitambaa cheupe ndani ya njia ya hewa upande wa injini, halafu kitazame.

- Kitambaa kina oili nyeusi na masizi tu: filta na hosi zinafanya kazi, endelea na manifodi.
- Kitambaa kina vumbi jekundu au la kijivu tangu mwanzo wa hosi: vumbi linaingia kwenye filta au hosi. Tengeneza hapo kwanza.
- Hosi ni safi lakini ndani ya mdomo wa manifodi kuna mistari ya vumbi ikielekea tundu mojawapo: hapo ndipo penye mvujo.

Bonyeza hosi yote kwa vidole huku ukiikunja. Mipasuko hujificha upande wa chini na chini ya klempu. Kagua pia paipu ya mpira inayotoka kwenye kifuniko cha valvu. Ikiwa imelainika kwa oili, badilisha.

Onyo. Usinyunyizie petroli, ether, dawa ya kusafishia breki wala gesi kwenye maungio wakati injini inawaka ili kutafuta mvujo. Njia hiyo hutumika kwenye petroli. Kwenye dizeli, mvuke huo ni mafuta: injini huupokea, mzunguko unapanda wenyewe, na kuzima swichi hakuisimamishi. Hita plagi zikiwa na moto, mripuko unaweza kuvunja ringi au pistoni.

## Hatua ya 2: Kipimo cha upepo na sabuni

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi, na ni cha bei ndogo.

Tengeneza kizibo: kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye hosi, kikiwa kimetobolewa na kufungwa valvu ya tairi. Injini iwe imezimwa na imepoa, gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa. Kifunge kizibo kwa klempu kwenye hosi inayoingia kwenye manifodi. Kwenye tabo, kiweke baada ya tabo na si kabla, kwa sababu ukisukuma upepo kupitia tabo utapenya kwenye sili zake za oili na kukudanganya.

Ziba paipu ya kupumulia inayoingia kwenye njia ya hewa. Fungua kifuniko cha kujazia oili, ili upepo unaopita kwenye ringi utoke bila kusukuma sili za injini.

Ingiza upepo taratibu: 0.2 hadi 0.3 bar kwa injini isiyo na tabo, 0.5 bar kwa yenye tabo. Usizidishe ukidhani utaona vizuri zaidi. Upepo utakuwa unapotea kidogo kidogo kupitia valvu zilizo wazi, hivyo acha kompresa iendelee kulisha. Hutafuti presha ikae, unatafuta mapovu.

Paka maji mazito ya sabuni kwa brashi: kuzunguka kila tundu la manifodi, chini ya kila nati, kwenye ungio la EGR, na kwenye mwili wa manifodi penye unga mweupe.

Unachokiona kina maana yake:

- Mapovu kwenye mstari wa gasketi: uso umechimbika au umepinda.
- Mapovu kutoka mwilini, mbali na ungio: alumini imetoboka au ina ufa.
- Mlio kwenye paipu ya ekzosi: zungusha kranki (mhimili mkuu wa injini) kidogo kwa spana usikilize tena. Ukikoma, ni valvu ya silinda iliyokuwa wazi. Ukibaki kila ukizungusha, valvu ya EGR haifungi.

Weka alama kwa kalamu ya rangi kila penye povu kabla ya kufungua chochote. Baada ya kusafisha, alama kichwani hazitoshi.

## Hatua ya 3: Kufungua bila kukata stadi

Inua kiti cha mbele na kifuniko cha injini, kisha toa terminali hasi ya betri. Kama manifodi yako ina njia ya maji, mwaga maji ya rejeta injini ikiwa imepoa.

Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati, jioni ya siku iliyotangulia na tena asubuhi. Stadi nyingi hukatika kwa sababu ya haraka tu.

Piga picha ya hosi na nyaya zote. Paipu za nozeli (zinazopeleka dizeli kwenye silinda) zikikuzuia, zifute kwanza, zifungue, na papo hapo ziba kila mdomo kwa kifuniko cha plastiki. Chembe moja ya mchanga ndani ya nozeli itakugharimu kuliko manifodi yenyewe. Kwenye 1KD na 2KD usilegeze paipu ya presha injini ikiwaka au mara tu baada ya kuzimwa: mchirizi wa dizeli kwa presha ile unapenya ngozi.

Legeza nati kuanzia za pembeni kuja katikati, robo mzunguko kila moja kwa kupokezana. Ukianza na moja hadi mwisho, manifodi inabaki imevutwa upande mmoja na inaweza kupinda. Nati ikigoma, ikaze kidogo sana kisha ilegeze, nenda mbele na nyuma.

Manifodi ikishalegea, itikise kwa mkono au igonge kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kwenye ungio kuibandua. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi kutoka ndani hadi nje ni njia mpya ya mvujo.

Mara tu inapotoka, jaza vitambaa kwenye matundu ya hedi (kichwa cha injini, manifodi inapofungwa) na uvihesabu. Hesabu hiyo utaihitaji wakati wa kufunga.

## Hatua ya 4: Kusafisha, na dawa zinazoiua alumini

Sehemu hii ndiyo inayoharibu manifodi nyingi ambazo zingepona.

Usitumie kostiki soda. Ni dawa nzuri ya kuchemshia bloku ya chuma, lakini inayeyusha alumini, na wakati wa kuyeyusha inatoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto. Manifodi inatoka safi na inang'aa, ila uso wake umekuwa kama sponji. Dawa za kusafishia oveni nyingi zina kitu hicho hicho. Asidi ya kusafishia vyoo na maji ya betri navyo viache kabisa.

Tumbukiza manifodi kwenye mafuta ya taa, mbali na moto, usiku kucha. Asubuhi kwangua masizi kwa mbao au plastiki, sugua njia za ndani kwa brashi ya nailoni, na tumia brashi ya shaba pale palipoganda tu. Kwenye magari yenye EGR si ajabu kukuta njia imebaki nusu ya upana wake. Rudia kulowesha badala ya kuongeza nguvu.

Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza kwa maji mengi yasiyo na chumvi, puliza kwa kompresa, kisha anika juani mpaka ikauke ndani kabisa.

Uso wa gasketi usiuguse kwa diski ya msasa ya grainda. Diski inachimba mawimbi usiyoyaona kwa macho, na chembe zake ngumu zikiingia kwenye silinda zinasaga kuliko vumbi la barabara.

Safi maana yake: ukipitisha kitambaa cheupe ndani ya kila njia kinatoka bila weusi wa kupaka, na vidonda vya alumini unaviona vyote hadi chini yake. Unga mweupe ukibaki ndani ya shimo, ng'oa kwa ncha ya shaba, kwa kuwa hakuna epoksi inayoshika juu ya unga.

## Hatua ya 5: Pima, kisha amua

Laza rula juu ya uso wa gasketi: kwa urefu, kisha kwa pembe zote mbili, ili ipite juu ya matundu yote. Jaribu kupitisha majani ya fila geji chini yake. Weka na tochi nyuma ya rula.

Kipimo cha mwisho ni kile cha kitabu cha injini yako. Kwa kazi ya gereji, tumia mgawanyo huu:

- Chini ya 0.10 mm, hakuna vidonda vinavyovuka: uso ni mzima. Safisha na ufunge.
- 0.10 hadi 0.20 mm, au vidonda vya juujuu: sawazisha kwa mkono kwenye kioo.
- Zaidi ya 0.20 mm: peleka kwenye mashine ya kusawazisha hedi. Kwa mkono utachoka na utaiviringa.

Kwa vidonda, kina si hoja kubwa kama mahali vilipo. Laza gasketi mpya juu ya uso na uchore mpaka wake kwa kalamu. Kidonda kilicho katikati ya ukanda wa gasketi, kikiwa na alumini nzima ndani na nje yake, hakina madhara makubwa. Kidonda kinachounganisha ukingo wa tundu na ukingo wa nje ndicho mvujo wenyewe, hata kikiwa chembamba kama unywele. Linganisha na alama za mapovu ulizoweka.

Kisha fanya kipimo kinachosahaulika: pima na uso wa hedi kwa rula hiyo hiyo. Manifodi iliyonyooshwa ikafungwa kwenye hedi yenye kidonda itavuja tu.

Manifodi isitengenezwe, itafutwe nyingine, ikiwa alumini inabonyea au kumeguka ukiichoma kwa ncha ya bisibisi, ikiwa imetoboka sehemu nyingi, au ikiwa ufa umeanzia kwenye kikao cha EGR na kuingia mwilini.

## Hatua ya 6: Kutengeneza uso

### Kusawazisha kwa mkono

Laza kioo juu ya meza isiyoyumba. Lowesha msasa namba 120, ulaze juu ya kioo, hakikisha umefunika eneo ambalo uso wote wa manifodi utapita. Chora mistari ya kalamu nyeusi kwenye uso wote wa gasketi.

Shika manifodi kwa mikono miwili karibu na uso, si kwa juu, na uiendeshe kwa umbo la nane bila kukandamiza. Uzito wake unatosha. Kila baada ya miendo ishirini hivi, igeuze ncha kwa ncha, kwa sababu mkono wenye nguvu hula upande mmoja. Osha msasa mara kwa mara.

Mistari ya kalamu inakuonyesha ukweli. Inapofutika ni juu, inapobaki ni bondeni. Kwa namba 120 fika hadi mistari yote ifutike, kisha 180, kisha malizia na 240. Usiutafute mng'aro wa kioo: gasketi hushika vizuri zaidi kwenye uso wenye mikwaruzo midogo iliyo sawa.

Usitoe zaidi ya 0.3 mm kwa jumla. Ukipita hapo, paipu ya EGR na breketi zinaanza kutolingana, na ukizilazimisha zinaipinda manifodi upya.

### Kujaza vidonda kwa epoksi

Epoksi inafaa kwenye vidonda vilivyo mbali na mdomo wa EGR. Pale moshi wa ekzosi unapoingilia joto ni kali mno, itaungua na vipande vyake vitamezwa na injini. Usiiweke hapo.

Panua kidonda kidogo mpaka ufikie alumini inayong'aa, kikwaruze ili gundi ishike, kifute kwa spiriti, kiache kikauke. Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa, ikandamize ndani ya shimo ili hewa isibaki chini, iache ipande juu ya uso kidogo. Iache saa 24. Halafu rudi kwenye kioo na namba 180 mpaka epoksi na alumini viwe usawa mmoja.

Pitisha ukucha. Usihisi ngazi yoyote kati ya epoksi na alumini.

### Kuchomelea

Mashimo yaliyotoboka, nyufa, na vidonda karibu na EGR vinahitaji kuchomelewa kwa mashine ya TIG yenye gesi ya agoni. Waya wa 4043 hufaa alumini nyingi za kumimina. Alumini iliyonyonya mafuta kwa miaka inatoa mapovu meusi: fundi aipashe moto hadi nyuzi 150 hivi, aifute, achomelee, akwangue penye uchafu, arudie.

Mwambie aifunge manifodi kwenye bamba nene la chuma wakati wa kuchomelea. Ikichomelewa ikiwa huru, itapinda. Hata hivyo, baada ya kuchomelea lazima ipelekwe kwenye mashine kusawazishwa. Hakuna njia ya mkato hapo.

## Hatua ya 7: Stadi, hedi na kufunga

Stadi yenye nyuzi zilizoliwa itoe kwa kufunga nati mbili juu yake na kuzungusha ile ya ndani. Weka mpya za chuma zilizopakwa zinki. Wengi wa pwani huweka za chuma cha pua wakiamini zitadumu. Zenyewe zinadumu, ila kwenye hewa ya chumvi zinaharakisha kuliwa kwa alumini iliyo chini yake.

Safisha uso wa hedi kwa kikwangulio cha plastiki huku vitambaa vikiwa bado kwenye matundu. Vuta uchafu kwa mashine ya kunyonya vumbi, usipulize. Kisha toa vitambaa na uvihesabu.

Gasketi iwekwe kavu. Silikoni usiweke. Mvuke wa oili unailainisha, inayokamuliwa ndani inakatika na kwenda kwenye valvu, na unene wake unazuia gasketi kukandamizwa sawasawa. Kama uso uko ndani ya kipimo, gasketi kavu inatosha. Kama inahitaji silikoni, rudi Hatua ya 5.

Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kupokezana, kwa mizunguko mitatu: 10 Nm, 15 Nm, kisha kipimo cha mwisho. Kwa M8 za daraja la 8.8 kwenye alumini kipimo hicho huwa kati ya 20 na 25 Nm. Kitabu cha injini yako kikisema vingine, fuata kitabu. Kukaza kupita hapo hakuzuii mvujo, kunaikunja alumini kati ya bolti na kufungua njia mpya.

Breketi na paipu ya EGR zifunge mwisho, na zikae kwenye nafasi zake bila kuvutwa.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuwasha, kisha washa

Rudia kipimo cha upepo na sabuni sasa hivi, kabla ya kurudisha kifuniko na kiti. Hapa ndipo unajua kama kazi imekubali: hakuna povu hata moja kwenye mstari wa gasketi, chini ya nati, wala penye epoksi. Kama lipo, fungua.

Hakikisha ndani ya manifodi hamna mafuta ya taa wala maji yaliyobaki. Mafuta ya taa yataipandisha injini mzunguko bila breki, na maji kwenye silinda yanaweza kupinda konirodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki).

Rudisha mfumo wa dizeli, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, kaza paipu za nozeli. Kabla ya kuwasha, mtu mmoja asimame na ule ubao karibu na mdomo wa hewa. Injini ikipanda yenyewe, aubandike ubao mdomoni ili ikose hewa. Asitumie kiganja wala kitambaa.

Iache injini ipate moto, ipoe kabisa, kisha pitia nati zote kwa toki renchi kwa kipimo kile kile.

Baada ya kilomita 1,000, rudia kitambaa cheupe. Masizi au oili kidogo ni kawaida. Vumbi lisiwepo. Kwenye tabo, mlio wa filimbi uwe umekwisha na moshi mweusi mlimani uwe umepungua. Ukibaki, angalia nozeli na tabo yenyewe, manifodi haihusiki tena.

## Chanzo kisiporekebishwa, utarudi hapa

Valvu ya EGR isiyofunga inamwaga moshi muda wote. Isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, hakikisha sindano yake inakaa kwenye kikao, na ikigoma ibadilishe. Kuiziba kwa bati ni kazi inayofanywa sana, lakini inabadilisha injini kutoka ilivyoundwa na kuongeza sumu ya moshi mjini. Inayofanya kazi vizuri haijazi manifodi kwa kasi ile.

Injini inayopumua sana hupeleka ukungu wa oili kwenye manifodi, na oili ikikutana na masizi inakuwa lami. Ringi zikiwa zimekwisha, usafi wa manifodi hautadumu.

Kwa magari ya pwani, osha nje ya injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kwa presha ndogo mara moja kwa mwezi, injini ikiwa imepoa na altaneta imefunikwa. Kwenye rejeta weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kamwe si maji ya kisima.

## Ukiamua kununua iliyotumika

Manifodi za HiAce zinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala. Nenda na rula yako, fila geji na gasketi mpya. Linganisha matundu yote na gasketi, pima uso hapo hapo dukani, ingiza kidole ndani ya mdomo wa EGR utafute mashimo.

Ikatae iliyopakwa rangi ya fedha juu ya uso wa gasketi, na ile inayong'aa mno huku uso wake ukiwa na vinyweleo vidogo vingi: hiyo imechemshwa kwenye kostiki. Afadhali yenye masizi na uchafu wake wote, kwa sababu masizi unaweza kuyatoa mwenyewe, na uso uliofichwa na uchafu mkavu mara nyingi bado haujaguswa na grainda.